Kifungo Kisicho na Tundu

Kwenye kopo la vifungo, Makoroboi,
katikati ya vya shati na vya koti la bwana harusi,
kimo kimoja cha kahawia, kama punje ya mtama,
kina miba, hakina tundu.
Nshoma, ninayemfundisha kazi, alikiokota:
"Dada, hiki cha nguo gani?"
Nikamwambia, hicho nimekitengeneza mwenyewe,
gizani, bila sindano.
Kifungo cha miaka sita.

Nilikuwa hivi: chai ya rangi alfajiri, nusu kikombe,
kisha cherehani mpaka maduka yafungwe.
Maji sigusi. Maji yana nauli mbili,
ya kuingia na ya kutoka,
na choo cha pale chini ni mia tatu.
Mara tatu ni mia tisa,
mia tisa ni dagaa wa jioni.
Hesabu yangu ilikuwa safi. Nilijisifu.

Na ziwa lilikuwepo,
kati ya mabati na mnara wa simu,
pana, halina haya.
Nilishinda nikilitazama
ulimi umenata kaakaani.

Jumanne moja, nikipinda sketi,
kitu kikanishika nyuma, chini ya mbavu,
kikateremka hadi kinenani.
Nimezaa mara tatu.
Uchungu wa mtoto hupumzika, ukavuta pumzi.
Huu haukupumzika.
Nikatambaa juu ya vitambaa vya watu,
nikavitapikia.
Mama Gesase wa viatu akasema chango.
Mwingine akasema mchanga wa mchele.
Mwingine akanyoosha kidole mlimani,
majabali yamepakatana kama watoto:
"Mji wenyewe huu, utakosaje jiwe?"
Mkojo ukatoka na rangi ya rozela.

Bugando, kule juu, daktari kijana, Rwechungura,
akanichorea sufuria nyuma ya fomu.
"Ukiisahau motoni maji yanakwenda,
chumvi haiendi popote.
Unakuta utando mweupe umeganda ukutani.
Hukumeza jiwe, mama.
Ulilipika."

Nikamuuliza kama niache maziwa,
maana mtaani wanasema ndiyo yanayojenga mawe.
Akacheka. "Kunywa, pamoja na chakula.
Acha kumwagia chumvi. Hao dagaa waloweke kwanza.
Limau ukipata, kamulia.
Na maji, mpaka mkojo ufanane na maji ya limau,
usifanane na chai yako."
Halafu hakucheka:
"Maumivu haya yakija na homa,
usingoje kupambazuke."

Siku nne nilikojolea chujio.
Ya tano, saa tisa usiku, ti.
Sauti ndogo kuliko kifungo kudondoka sakafuni.
Nikakaa chini nikalia, nikacheka,
mume wangu akadhani nimepagawa.

Basi nikarudi kazini, na mia tatu ikanisubiri palepale.
Hakuna daktari anayeandika choo kwenye cheti.
Nikamfuata Bwire, anayekaa mlangoni na bakuli la sarafu,
suruali yake imeachia magotini.
Nikamwambia: mimi nikuvike, wewe unipishe.
Tukapatana bila karatasi.

Sasa chupa yangu ya lita moja na nusu iko chini ya meza,
maji ya kuchemsha, yana harufu ya moshi kidogo.
Kabla ya adhuhuri imekwisha, najaza tena.
Mama Gesase alinicheka wiki nzima:
"Umekuwa bomba?"
Juzi kaniuliza, taratibu, macho kwenye kiwi,
Bwire huvaa viatu namba ngapi.

Kifungo nimekirudisha koponi.
Wameniambia nikitupe.
Lakini zipo siku za joto, sare za shule zimerundikana,
mguu haubanduki kwenye kanyagio,
na najisikia nikisema, nitakunywa baadaye.
Hapo nalitikisa kopo.
Vinaongea vyote.
Namsikia mmoja.